Kiu Mbele ya Ziwa

Nimeamka saa tisa usiku, ulimi umenata kaakaani
kama dagaa juu ya mwamba.
Dirishani, ziwa lote. Linapiga ukingo, linarudi,
halinihusu.

Pua zimefungwa tangu juzi.
Hewa imekosa mlango wa mbele,
ikazungukia kinywani na viatu vyake vya vumbi,
ikaingia, ikatoka, usiku kucha,
kila safari na tone la mate yangu.

Nkwimba anaponda tangawizi, haniangalii:
"Pua ndiyo jiko la pumzi. Humo hewa huchujwa,
hupashwa moto, hulowanishwa.
Wewe sasa unaimeza mbichi.
Na vile vidonge vyako vya kukausha kamasi
vimekausha hata visikotumwa."

Homa nayo imekunywa kwa kificho,
shuka ndilo shahidi.

Asubuhi, Mwaloni Kirumba, wananingoja ninadi.
"Ndoo hii, elfu kumi na—"
Sauti inatoka na magamba.
Wanacheka. Nami nacheka, bila mlio.

Nafungua chupa aliyoniviringia kwenye khanga.
Funda moja, vuguvugu.
La pili nalishikilia kinywani,
nikilitazama ziwa
kama mdaiwa sugu.