Deni Limekwisha

Ubavuni tuliandika kwa rangi nyekundu DENI LIMEKWISHA,
mwaka ule tulipommalizia Zihalirwa pesa zake za mbao.
Sasa nina deni lingine, na mashua ndiyo italilipa.
Watu wa Kituku wanasoma ubavu, wananitazama,
wanacheka kidogo, si kwa ubaya.

Kaka yangu Mushamuka anasema: ipandishe.
Tafuta vijana kumi, wape bia na franga za ugali,
waiburute hadi nyuma ya vibanda vya makala,
uifunike turubai, uandike namba ya simu, ukalale.
Majini kuna mlinzi wa kulipwa kila Jumamosi,
kuna mtu wa jetoni, na mwingine anayejiita wa jetoni,
kuna mawimbi ya saa tisa usiku
yanayoigonganisha na jirani yake
kama walevi wawili mlangoni.
Na kuna wezi. Injini tayari inalala kwangu,
chini ya kitanda, farasi arobaini.
Chumba kinanuka petroli,
mwanangu Nsimire anaota safari.

Mushamuka ana haki. Huwa ana haki.
Hesabu yake niliiandika nyuma ya daftari la nanasi
na kila mstari ulikubali.

Lakini niliiona ile ya marehemu Birindwa,
waliyoipandisha kungojea bei nzuri.
Jua la kiangazi liliinywa.
Mbao zilijikunja, kila moja ikamkana mwenzake,
pamba ikachomoza kwenye viungo
kama mvi za sikioni,
kuku akataga ndani.
Juu ya mawe haya meusi, yaliyoshuka mlimani yakiwa moto,
hakuna kitako kinachokaa vizuri,
cha mtu wala cha mashua.
Mnunuzi alikuja, akapitisha kisu kati ya mbao na mbao,
kisu kikatokea upande wa pili.
Akamtazama mjane,
akataja bei ya kuni.

Ikiwa majini, dola elfu moja na mia nne.
Ikiwa juu, elfu moja. Labda mia tisa.
Mlinzi atakula kiasi gani kabla mtu hajaja?
Na asipokuja mtu?

Jumatatu nilijaribu katikati:
pua juu ya mawe, tako majini.
Kufikia jioni ilikuwa inalia sauti
ambayo sikuwahi kuisikia hata siku ile ya Kalehe,
tani tatu za mihogo na mvua ya mawe.
Niliisukuma irudi, peke yangu,
maji kifuani, kitenge kikielea.

Jambo moja sikumwambia Mushamuka.
Kila alfajiri nashuka na kopo la maziwa ya unga,
nateka, namwaga, nateka, namwaga,
makopo ishirini na mawili.
Kisha nakaa.
Kamba imefungwa, siendi popote.
Idjwi inatoka kwenye ukungu polepole
kama mtu anayetafuta shati lake gizani.
Hiyo haimo kwenye daftari.

Alhamisi alikuja bwana mmoja wa Minova,
viatu mkononi, suruali imekunjwa.
Akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.
“Inavuja?”
“Inavuja. Makopo ishirini na mawili kila asubuhi,
ishirini na saba ikinyesha.”
“Na ukiipandisha?”
“Juu haivuji. Hata kabati langu halivuji.”

Alicheka, akaingia.
Alitazama miguu yake ikilowa.
Nikampa kopo.
Akainama, akaanza kuhesabu kwa sauti,
akakosea kwenye tisa,
akairudia.
Nikanyamaza.