Ya Umeme Haimo

Kwenye kadi nimeandikwa Mkurugenzi Mtendaji.
Leo mkurugenzi amezibua choo cha chini,
akanawa, akampigia simu mfadhili wa Edinburgh
kwa sauti ya mtu asiyewahi kushika ndoo.

Mfadhili ameupenda mradi. Atalipia mabango,
warsha nne, na ripoti juu ya warsha nne.
Ya umeme haimo.
Ya Catriona haimo, na Catriona ndiye
anayewasindikiza wagonjwa hospitali,
akawashikia koti, akawatafsiria uso wa daktari.

Fomu inauliza: mmegusa maisha ya wangapi?
Naandika mia mbili na kumi na moja.
Nafuta. Yule aliyekuja mara moja, akalia,
akaondoka bila kutaja jina,
namweka safu gani?

Mkono mtupu haulambwi, na huo huo mtupu
ndio ninaojazia fomu.

Saa kumi jioni Dundee imeshakuwa giza.
Nimezima hita, nimebaki na koti.
Mshahara wangu wa Novemba nimelikopesha shirika;
mweka hazina anajua,
nyumbani bado.

Mlango unagongwa. Bwana Petrie wa mtaa wa juu,
mgane tangu Januari, na kopo la biskuti:
pauni kumi na moja na peni arobaini.
Amezihesabu mara mbili, anataka risiti.
"Za taa hizo," anasema. "Nimepita hapa jana
nikadhani mmefunga."

Naandika jina lake, tarehe, kiasi.
Penye masharti ya mchango
napiga mstari.