Nusu Saa ya Kupoa

Agosti, Opelousas. Hata usiku unatoka jasho.
Baba ameisukuma amplifaya hadi ukutani,
mgongo umezibwa na pazia la ukumbi wa Guillory,
naye hasikii la mtu: "Sauti ni moto, Odelia.
Ukiupoza moto, utapiga nini?"

Mimi ndiye ninayefungua skrubu Jumatatu.
Mimi ndiye niliyeona vali zinavyoning'inia
kichwa chini, kama popo,
na joto, kwa kuwa halijui njia nyingine, linapanda,
linababua waya, linakaanga kapasita.
Moja ilikuwa imevimba kama shavu la mwenye jino bovu.

Basi nikang'oa feni ya kompyuta iliyotupwa na shule,
feni ya ukubwa wa kiganja, nikaifunga nyuma kwa vipande vya mpira
isije ikatetemesha mbao.
Kwa volti kumi na mbili ilivuma kama nyuki ndani ya chupa;
nikaipa saba. Ikanyamaza, ikapuliza.
Nikaivuta amplifaya shubiri mbili kutoka ukutani.
Baba akatazama, akaguna kitu kwa Kifaransa cha mama yake,
kisha akapiga mpaka saa nane usiku,
akodioni ikilia, bati la kufulia likikwaruzwa kwa vijiko,
na sauti haikufifia hata wimbo wa mwisho.

Ila kuna jambo sikulipigia hesabu.

Vali ya moto haibebwi. Uzi wake wa ndani ni laini,
shimo moja la barabarani linatosha kuukata.
Kwa hiyo tangu utoto wangu, watu wakishaondoka,
tulikaa sisi wawili ukingoni mwa jukwaa
tukingoja kioo kipoe.
Nusu saa. Na baba, ambaye nyumbani husema na redio tu,
hapo alisema: jinsi mama alivyocheza bila viatu,
bei ya gitaa la kwanza, shamba la viazi vitamu
walilonyang'anywa,
jina la mtoto aliyenitangulia.

Sasa feni inamaliza kazi kwa dakika nane,
naye ameshashika ufunguo wa pikapu. "Tayari?"

Jumamosi hii ngoma imekwisha. Viti vimepinduliwa juu ya meza.
Ninainama nyuma ya amplifaya kana kwamba nimeangusha kitu,
nachomoa waya mwekundu.
Feni inazunguka kidogo, inasita, inasimama.
Naweka kiganja juu ya mbao.

"Bado ya moto," namwambia.

Anaketi.