Mifuko Ishirini ya Saruji

Nimekuja Majengo kununua saruji,
na kijana wa ghala, bila kujua anachosema,
ananiambia: "Fuata mteremko, mama,
mzigo wako uko kule chini mbele."

Kule chini mbele.
Ndiko tulikokaa sisi wa senti hamsini,
shingo zimelala nyuma, midomo wazi,
tukitazama nyuso kubwa kuliko nyumba zetu.
Hawakuisawazisha sakafu. Toroli ukiliachia
linashuka lenyewe, kama mtoto aliyechelewa,
hadi ukutani palipokuwa na kitambaa cheupe.

Nje, juu ya mlango, jina lilikuwa la herufi za bati: JYOTI.
Sisi tulisema Choti.
J iling'olewa na upepo wa Agosti.
T nimeiona mwenyewe kwa akina Mabwai,
inazuia mlango wa banda la kuku.
Zimebaki Y, O na I,
kama mtu aliyeanza kuita akasahau jina.

Bwana Dhirajlal alikata tiketi mwenyewe,
akahesabu vichwa mara mbili,
maana watoto tuliingia wawili ndani ya kanga moja.
Jumatano alasiri ilikuwa ya akina mama peke yao.
Mama aliuacha uwele juani, akawakabidhi kuku kwa Mungu,
akaoga, akajipaka poda shingoni,
karanga kazifunga pindoni.

Filamu zilikuja na treni ya usiku, ndani ya makopo.
Mwaka ule maji yalipoila reli kule Gulwe
yalifika makopo manne.
La tano lilibaki ng'ambo ya mto.
Hatukujua, hadi picha ilipokatika:
binti yuko juu ya paa, mvua inanyesha,
mtu anapanda ngazi, hatuoni uso wake,
halafu weupe.
Weupe mtupu, na mashine ikitafuna hewa.

Wakapiga mabenchi. Wakadai senti zao.
Ndipo Chilongani, mwendesha mashine,
mtu wa Hombolo asiyejua neno la Kihindi,
akashuka akifuta mafuta mikononi,
akasimama ndani ya ule weupe,
kivuli chake kikafika darini.
"Mbukwenyi," akasema.
Wakaitika, kwa hasira.
"Anayepanda ngazi ni yule kijana.
Amekuja na ng'ombe kumi na wawili.
Wako chini, wanalowa."

Akawataja mmoja mmoja kwa rangi zao.
Mjomba mwovu akampigisha magoti,
akaomba radhi kwa Kigogo.
Mama alilia njia nzima hadi nyumbani,
uwele umelowa, kuku wameshiba,
wala hakujali.

Video zilipokuja, mabenchi yalinunuliwa na kanisa,
yaliyovunjika yakawa kuni.
Dhirajlal aliondoka na sanduku moja.
Chilongani alirudi kwao kulima zabibu;
niliambiwa amekufa, sikuambiwa lini.

Mwaka juzi mwanangu aliitafuta ile filamu kwenye simu,
akaipata, akamwekea bibi yake kitandani.
Kopo la tano.
Anayepanda ngazi ni mjomba. Binti anaruka.
Mama alitazama hadi maandishi ya mwisho,
akageukia ukuta.
"Hiyo ni yao," akasema.
"Ya kwetu walioana."

Sasa najenga Nzuguni, vyumba vitatu,
kama kila mtu katika mji huu.
Namuuliza kijana: yale matundu mawili,
kule juu nyuma, ya nini?
"Ya mbayuwayu," ananijibu,
na kweli mmoja anatoka, anarudi.

Anahesabu kwa kidole, vumbi limemweupisha kope.
"Kumi na tisa. Mmoja umepasuka.
Wameufuata mwingine stoo ya Kizota. Utasubiri?"

Nakaa juu ya mzigo wangu,
uso kwa ukuta.
Nasubiri.