Kushika Kibao

Fomu ilikuwa na mistari mitatu ya nukta:
"Taja kazi uipendayo. Toa sababu."
Mwalimu Kadri alitupa wiki moja.
Nilikuwa na miaka kumi na sita, penseli iliyotafunwa,
na dada aliyerudi kutoka Tartu kabla ya Krismasi
na masanduku yote mawili.

Yote mawili. Mama aliyahesabu kwa macho
akamimina chai nje ya kikombe.

Miaka miwili ya sheria. Baba,
mthibitishaji wa hati hapa mjini Võru,
alikwisha kuagiza kibao cha shaba cha mlangoni
chenye nafasi ya jina la pili.
Hakufoka. Angefoka tungejua pa kusimama.
Alisema tu "Haya," akaufunga mdomo kama friji,
akaenda kuchochea moto.

Maarika alilala wiki tatu.
Ukimuuliza unataka nini, hujibu "Sijui,"
na hilo ni neno zito katika nyumba ya watu wanaojua.
Shangazi Helve alileta orodha: uuguzi, benki, kompyuta,
kompyuta akaipigia mstari mara mbili.
Mimi nilipeleka mkate na siagi,
nikarudi na sahani ya jana.

Januari, kinanda cha kanisa kikaugua.
Fundi alitoka Tallinn: Liidia,
mwanamke mwenye mafua na buti za mvua.
Alitaka mtu wa kumshikia vibao.
Si kupiga. Kushika, kimoja kimoja,
hadi aseme "kinachofuata."
Malipo: euro thelathini, na supu.

Mle ndani baridi iliuma hadi kwenye meno.
Mimi nilifuata supu.

Fundi akajipenyeza katika tumbo la kinanda,
akabaki sauti tu na kikohozi.
Maarika akabonyeza. Filimbi mbili zikalia,
ndugu wawili wasiosikilizana,
na katikati yao kitu kikatetemeka, wa-wa-wa-wa,
kama bawa la mdudu kwenye kioo.
Liidia akagonga ukingo wa bomba, taratibu.
Wa... wa...... wa
kisha sauti ikanyooka
kama shuka inayokunjuliwa na watu wawili
waliozoeana.
"Kinachofuata."

Masaa manne. Nilikunywa supu yangu, nikanywa na yake,
nikahesabu vioo vya madirisha, nikalala kwenye benchi.
Nilipoamka bado kichwa chake kimeinama vilevile,
na mara, kabla fundi hajatamka, akatamka yeye:
"Bado. Iko chini kidogo."
Kimya. Kikohozi. Kisha kutoka gizani:
"Nani kakwambia?"
"Naisikia."
"Hm," akasema Liidia. Akagonga tena.

Hiyo "hm" ndiyo yote. Hakushuka malaika.
Tuliambiwa baadaye kwamba kazi yenyewe hailipi sana,
inakula magoti, na miaka mitano ya mwanzo
unabeba mfuko wa mtu mwingine.
Baba aliuliza kama kuna pensheni.
Maarika akasema hajui,
na safari hii "sijui" yake ilikuwa imevaa viatu.

Amekwenda. Huniandikia kwa mistari miwili:
"Leo filimbi mia mbili na kumi na sita.
Panya alikuwa amezaa ndani ya besi."
Kibao cha shaba kimo katika droo ya Baba,
pale pasipo na jina pameanza kuota kijani.

Na mimi, Mwalimu, sina jina la kazi.
Nimeandika tu, kwenye ile mistari ya nukta,
kwamba Jumatano, kwenye gereji ya kina Rasmus,
niliwashikia tochi wakifungua injini ya trekta
nikasahau kula hadi usiku.
Huenda si kitu. Huenda njaa ilichelewa tu.
Nimeweka alama ya kuuliza.
Naomba wiki nyingine.