Namba Sita

Mvua ya Tukuyu haimpi mwalimu nafasi.
Ikishuka juu ya bati la Kidato cha Pili B
Mwalimu Kibona anafungua mdomo na kuufunga
kama samaki wa ziwa Masoko,
nasi wa dawati la nyuma
tunalipata somo kwa kupokezana:
anamuuliza Atupokile wa mbele,
Atupokile anamgeukia Lwitiko,
Lwitiko ananigeukia mimi:
ameuliza kama tumeelewa.

Kumbe ndilo somo lenyewe.

Ameandika ubaoni, chaki imelowa, inakwaruza:
swali la mtu ukilichukua kulipeleka kwa mwingine
lifungue alama za mtajo,
livue kiulizi mlangoni kama viatu vyenye tope,
liingie ndani limenyooka, limeshusha sauti.
Mimi awe yeye. Hapa pawe pale.
Leo iwe siku ile.
Na wakati (hapa akapiga mstari mara mbili)
wakati urudi nyuma hatua moja.
Kilichopo kiwe kilikuwapo.
Kitakachokuja kiwe kingekuja.

Kwa Kiingereza, lakini.
Kwetu wakati haurudi nyuma ukibebwa.
Mama akisema, muulize baba yako atarudi lini,
nikalitoa swali jikoni, nikapita nalo migombani,
nikapanda hadi ukingo wa shamba la chai
ambako simu inashika mistari miwili,
linafika likiwa bado na kesho yake ndani,
bichi, linatoa utomvu.

Mwaka wa tatu huu mimi ndiye msemaji wa nyumba yetu.
Baba yuko Makongolosi, anatafuta dhahabu.
Mama haongei naye
tangu auze ng'ombe wa maziwa bila kumwambia.
Anamenya ndizi, hainui uso:
"Yule mwanamume anajua paa linavuja?
Anadhani mabati yanaota kama magimbi?"
Nami huko kwenye chai:
Mama anauliza kama umepata nafasi ya kufikiria mabati.
Naye baba: "Mama yako anadhani huku tunaokota?"
Nami jikoni:
Baba ameuliza hali yako.

Kanuni hiyo Mwalimu Kibona hajaiandika,
ya kuchomoa miiba njiani.

Jumanne nilipiga. Nyuma yake karasha ilikuwa inasaga mawe.
Mama anauliza utarudi lini, nikasema.
Akanyamaza. Mawe yakaendelea kusagika.
Kisha, taratibu, kama mtu anayehesabu chenji gizani:
"Ni mama yako anayeuliza, au ni wewe?"

Mama siku hiyo hakuwa ameuliza kitu.
Alikuwa amelala mapema, kanga usoni,
beseni katikati ya chumba likipokea matone.

Nikatazama ukungu ukipanda kutoka bondeni,
ukimeza chai mstari baada ya mstari.
Hili halikuwa swali la kupelekwa kwa mtu.
Nikarudisha kila kitu mahali pake:
yeye akawa mimi,
pale pakawa hapa,
siku ile ikawa leo, Jumanne, saa kumi na mbili kasoro,
miguu yangu imelowa.
"Ni mimi. Baba, unarudi?"

Sijui kama alisikia.
Nilisikia karasha, halafu sikusikia karasha,
na kioo cha simu kikawa cheusi, kikanionyesha uso wangu.

Leo madaftari yamerudi. Nimepata tisa kati ya kumi.
Namba sita ina mkasi mwekundu,
na pembeni yake, kwa ule mwandiko ulioinama
kama mgomba uliolemewa na mkungu:
Kwa nini umeacha kiulizi?

Mvua imeanza tena.
Mwalimu anafungua mdomo na kuufunga.
Lwitiko amegeuka, mkono juu ya dawati langu,
anangoja nimpe jibu alipeleke mbele.