Kovu Jeupe

Alfajiri, machinjio ya Tacuarembó,
Zulma Etchegaray anapokea ovari za kondoo
ndani ya chupa ya chai yenye maji ya chumvi, vuguvugu.
Mchinjaji humwita daktari.
Yeye si daktari. Ni fundi wa kukata nyama
nyembamba kuliko unywele,
miaka ishirini na tisa sasa.

Maabara ina baridi ya Julai. Anafyonza mate kwa bomba la chuma
(majani machungu ya kwao, si mate ya kinywa),
kisha anainamia hadubini.

Hizi hapa: seli zilizobanana kulizunguka yai,
kiini kikubwa, tumbo dogo,
kama watu waliohamia mjini na sanduku moja.
Homoni ya kwanza ilishuka kutoka chini ya ubongo
ikaziambia: zaaneni.
Zikazaana, moja mbili, mbili nne,
hadi katikati pakafunguka kidimbwi.

Ya pili ilikuja kwa kishindo.
Haikusema zaaneni. Ilisema: basi.
Vidole vyembamba vilivyolilisha yai vikajikunja,
yai likatoka bila kuaga.

Na zilizobaki?
Hazikufa. Zikanenepa.
Mitokondria zikafura, matone ya mafuta yakajaa,
mishipa ikapenya ukuta uliokuwa haujaonja damu.
Seli ni zile zile. Walezi wamegeuka wapishi,
wanapika projesteroni usiku na mchana
kwa mgeni ambaye hajapiga hodi.

"Na hili doa jeupe?" anauliza Wilmar, mwanafunzi mpya.
"Jiko lililozimwa.
Tumbo la uzazi lilingoja, likaona hapana mtu,
likatuma neno: vunjeni."

Wilmar anaandika. Zulma anafungua dirisha.
Shingo yake inavuja jasho, na nje umande umeganda.
Mwaka wa hamsini na moja huu; miezi saba
amri zinatumwa, tena kwa sauti ya juu,
na hakuna aliyebaki wa kuzipokea.

Anapiga hesabu pembezoni mwa daftari:
kumi na tatu kwa mwaka, mara thelathini na saba,
toa miezi ya Nahuel,
toa ile mingine, wiki tisa, ambayo hakumwambia mtu.
Makovu mengi yatakuwa yamefutika.
Wilmar anauliza kama kipande kinachofuata kiko tayari.
"Bado," anasema. "Rangi haijakolea."